Kiti cha Mama wa Bi Harusi

Kwanza niseme wazi: mimi sikumtaka huyo mpiga video. Nilisema hivyo kwenye kikao cha familia, nikasema tena jikoni, na aliyekuwa bafuni bila shaka alinisikia. Mtu mzima na akili zangu, nimlipe mgeni aje kuturekodi tukitafuna? Simu zipo. Kila mtu anayo. Nikawauliza, jamani, hiyo video ikishapigwa inaliwa?

Nilikuwa na haki ya kuuliza kwa sababu harusi ilikuwa mikononi mwangu. Bi harusi ni mtoto wa dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, na ni mtoto wake wa pekee. Dada alianguka kwenye ngazi za jengo lao akavunjika nyonga. Daktari akamlaza chali, akamwambia asikae, asisimame, na asijitie ushujaa, mpaka yeye mwenyewe atakaporidhika. Nyumba yao iko ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba kabati la nguo ilibidi lipandishwe kwa kamba na kuingizwa dirishani. Kumshusha Dada mpaka chini na kumpandisha tena, daktari alikataa katakata.

Tukasema basi, tusogeze siku mbele. Thubutu! Dada akawaka pale pale kitandani. "Harusi ya mwanangu ingoje nyonga? Nyonga ni nani?" Likizo ya bwana harusi ilikuwa imeshapangwa, ndugu zake walikuwa wameshakata tiketi, na dada yangu akishasema lake limekwisha. Akanishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu, siku hiyo wewe ndiye mimi. Ila fanya ufanyavyo, niione. Nataka kuiona harusi ya mwanangu. Sitaki kingine."

Kwa hiyo hapa hatukuwa tunazungumzia mapambo. Tulikuwa tunazungumzia kama mama mzazi ataiona harusi ya mwanawe au ataishia kusimuliwa. Na mimi jibu nilikuwa nalo tayari. Jibu lilikuwa Redio.

Redio ni kaka yetu, mjomba wa bi harusi. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Anauza vipuri vya magari, na ukienda kununua plagi utarudi nayo pamoja na habari za injini yote, mwenye gari, na mke wa mwenye gari. Ana simu nzuri na moyo mzuri zaidi. Tangu mpwa wake atangaze uchumba, alikuwa akizunguka na wimbo mmoja: "Video niachieni mimi." Bure, kwa mapenzi. Mtu wa namna hiyo utamkataa uanzie wapi?

Shida ya Redio ni shida ya ukoo wetu mzima. Sisi hatuwezi kushika kitu muziki ukilia. Sitanii. Ndugu zangu wote, wakubwa kwa wadogo, muziki ukianza mikono inapanda yenyewe, na kilichokuwa mkononi kitajijua. Tumeshavunja vyombo vya watu, tumeshaangusha keki, na kuna mtoto mmoja wa ukoo huu aliyedakwa na shangazi yake akiwa hewani. Lakini ukiwa ndani ya familia huoni. Unadhani watu wote wako hivyo.

Tukafanya majaribio. Siku familia mbili zilipokutana nyumbani kwangu kula pamoja, tulianza kwa kumpigia Dada simu ya video, aone mambo yanavyokwenda. Mtandao ukakata. Picha ikaganda inamwonyesha baba mdogo wa bwana harusi, mdomo wazi, kijiko kiko njiani. Dada alitazamana na mdomo wa mkwe wake hadi akaona haya, akakata simu mwenyewe. Basi, Redio akasema, "Si niliwaambia? Acheni nirekodi." Akarekodi.

Kesho yake tukapanda kwa Dada, tukaiegemeza simu kwenye mto. Mwanzo mzuri ajabu. Mlango wangu huo, viatu vya wageni hivyo, na Redio anatangaza kama yuko uwanjani: "Naaam, wanaingia sasa! Mbele ni mama mkwe mtarajiwa, kavaa kijani, anakwenda kwa tahadhari, zulia limejikunja pale, anaruka, kafaulu!" Dada akawa anachekelea. Kisha kwenye simu muziki ukaanza. Nikaona picha imeinama, ikaonyesha taa, ikaonyesha goti, halafu giza. Redio alikuwa ameitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati, inaendelea kurekodi, yeye huyo kaenda kucheza.

Tukawa tunatazama giza. Ndani ya giza muziki unasikika kwa mbali, Redio anahema, na moyo wake unapiga du, du, du.

Dada alicheka hadi akashika nyonga. "Msinichekeshe, mtaniua!" Mimi nilikuwa sina mbavu. Redio naye akacheka, akasema angalau sasa familia ina uhakika kwamba ana moyo. Lakini Dada hakutoa macho kwenye ile simu. Aliitazama hadi mwisho, kama vile ndani ya lile giza kuna mtu atatokea. Hakutokea mtu. Ilipokwisha akageuza uso ukutani, akasema amechoka, tumwache asinzie kidogo.

Ilikuwa mchana kweupe. Namjua dada yangu tangu ananibeba mgongoni, na nawaambia hakuwa amechoka.

Tulipofika kwenye ngazi nilimgeukia Redio, nikamwambia, tena vibaya, "Siku ya harusi ukishika simu nitakuvunja huo mkono." Hakunijibu. Redio! Hakunijibu. Hapo nikajua kwamba naye alimwona Dada alivyogeukia ukuta.

Ndipo bi harusi akanitumia mpiga video wake, aliyewahi kurekodi harusi ya mwenzake wa kazini. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea karibu na kituo cha mafuta, na huwa napokea wageni huku mguu uko kwenye pedali. Nilitegemea kijana wa miwani ya jua. Akaingia mwanamke mfupi, kipande cha mtu, begi mgongoni linamzidi upana, anatafuna chingamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa hiyo chingamu."

Akaitoa, akaizungushia karatasi, akaitia mfukoni. Nikaona angalau anafundishika. Akanitajia bei. Nikamwomba arudie, nikidhani cherehani inanipotosha masikio. Hayakuwa masikio. Nikamwambia pesa hiyo inamnunulia dada yangu godoro la wagonjwa, lile zuri lisilochubua mgongo, na chenji ikabaki. Akasema, "Ni kweli, mama." Basi. Hakubisha, hakunibembeleza. Nilikasirika zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Nikamwambia: mtazamaji wa hiyo video ni mtu mmoja, yuko ghorofani amelala. Nenda ukamwonyeshe kazi zako. Akiipenda, tutaongea. Akikataa, tusisumbuane. Na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba akatae, nikanunue godoro nilale usingizi.

Nikaongozana naye. Akafungua kompyuta yake, tukaiweka kwenye kiti pembeni mwa kitanda, akatuonyesha harusi aliyoipiga. Lo! Kazi anaijua, siwezi kumnyima haki yake. Gauni linazunguka polepole. Pete inamulikwa hadi unahesabu vijiwe. Chozi la bi harusi linateremka shavuni kwa maringo, na muziki laini juu ya kila kitu. Mimi niliyekuja na hasira zangu nilijikuta nimesogea karibu.

Dada alitazama yote. Ilipokwisha akasema, "Nzuri sana, mwanangu. Mikono yako ibarikiwe."

Mpiga video akatabasamu.

"Lakini mbona hakuna aliyenisalimia?"

"Samahani, mama?"

"Hawa wanapita tu," Dada akasema. "Wanageuka, wanacheka, muziki unalia, lakini hakuna anayesema neno. Mimi nikienda harusini siendi kuona hivi. Mimi nakaa kwenye kiti changu. Watu wanakuja wananisalimia. Huyu ananiuliza hali, yule ananinong'oneza aliyevaa nguo ya kuazima. Natazama sahani zinavyotoka. Natazama nani kaja na nani. Hiyo ndiyo harusi, mwanangu. Hii yako ni nzuri, ila ni tangazo la sabuni."

Nikaangua kicheko, adabu zikanikimbia. Kisha nikamtazama yule mwanamke. Neno lilikuwa limemkata maini. Alifunga kompyuta, akaanza kuirudisha kwenye begi, nami nikawa nalitazama godoro langu kwa macho ya moyoni, jipya, bado lina nailoni. Zipu ya begi ikafika katikati, ikasimama.

"Mama," akamwuliza Dada, "ungekuwepo, ungekaa wapi?"

Dada hakufikiri hata kidogo. Ukumbi ule anaujua, ameshahudhuria humo harusi za watu wa kazini kwake wasio na idadi. "Meza ya mbele mkono wa kushoto, kiti cha mwisho, kinachotazama mlango wa jikoni. Mama wa bi harusi hakai mahali asipoona jikoni."

"Na ukiwa umekaa, macho yako yanafika wapi?"

Swali hilo likaniangukia mimi, fundi. Kimo cha dada yangu akisimama ninacho kichwani, kiuno ninacho, na mabega. Lakini kutoka kwenye kiti mpaka kwenye macho! Hakuna gauni linaloshonwa hivyo. Nikavuta futi yangu shingoni, nikainama juu ya kitanda, nikampima akiwa amelala, kutoka makalioni hadi kwenye nyusi, mpiga video ameshika ncha ya pili.

"Mnanipima jeneza?" Dada akauliza.

"Nyamaza. Tunakupima macho."

Mpango wa mpiga video ulikuwa hivi. Kamera moja atatembea nayo mwenyewe. Nyingine ataiweka pale pale, kwenye nafasi ya kiti cha mama wa bi harusi, juu ya miguu yake mitatu, kwa kimo kile kile cha macho ya Dada akikaa. Haitasogea tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho. Ataweka na kinasa sauti mezani, na muziki wa kubandika hataweka. "Utasikia yote, mama," akasema, "hata ya kukuudhi."

"Hayo ndiyo nayataka," Dada akasema, na macho yake yakawa yamechangamka jinsi ambavyo sikuwa nimeyaona tangu aanguke.

Nilitoka mle chumbani nimeshaamua. Niliyatazama yale macho, nikaona kwamba mwili daktari amemzuia, lakini macho hakuna aliyeyafunga. Godoro tutachangishana, ndugu si wapo? Kwenye ngazi nikampa mpiga video mkono, nikamwambia kazi ni yake, na siku hiyo nikimwona na chingamu tutakosana. Alinishukuru, nami nikajifanya sikusikia, nikaanza kushuka.

Likabaki la Redio. Nilimfuata dukani kwake, nikamkuta anafuta mikono kwa tambara, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Najua. Mmempata fundi. Ni sawa tu." Alisema polepole, kama mtu anayejikaza kisabuni. Kaka yangu huyo ndiye aliyekuwa akimbeba bi harusi shingoni kumpeleka shule ya chekechea, akimtajia kila gari lililopita. Alitaka kumfanyia kitu mtoto wake, na mimi nilikuwa nimemtishia kumvunja mkono.

"Kamera ya kwenye kiti haijui watu," nikamwambia. "Dada naye akiwa bila miwani hatambui mtu wa mbali. Inatakiwa sauti pale, ya kumwambia nani anakuja."

Akanitazama. "Unataka nitangaze?"

"Nataka utangaze. Lakini mikono mfukoni, hata muziki uchanganye vipi. Ukiigusa kamera wewe si ndugu yangu."

Alinikumbatia na ile mikono yake. Blauzi yangu ina grisi mpaka leo, nami nimekataa kuitupa.

Mwenyewe nilibaki na kazi yangu moja. Akina mama wa pande zote mbili walikuwa na sare, kitambaa cha rangi ya zambarau, na mimi ndiye niliyewashonea wote. Watu wakaniambia cha Dada nisihangaike nacho, atakivaa wapi? Nikawaambia wanyamaze. Nilimshonea gauni kamili kwa mbele, shingo yake, mikono yake, urembo wake, ila nyuma nikaliacha wazi kutoka juu mpaka chini na kutia vikamba vya kufunga ubavuni. Unamtandazia juu, unaingiza mikono, unafunga, naye hajainua hata bega. Ukimtazama kitandani, mama wa bi harusi huyo kavaa sare. Kipande kilichobaki nikakikunja nikakitia kwenye mkoba.

Asubuhi ya harusi tulimvisha bi harusi chumbani kwa mama yake. Nafasi ilikuwa finyu hadi mimi nilikuwa nafunga vifungo nimeketi kwenye kingo ya kitanda. Sasa huyu binti yetu ni mrefu. Alirefuka ghafla shuleni, akaona aibu, akajifunza kujikunja, na tangu siku hizo mama yake ana neno moja tu kwake, akitoka, akirudi, kwenye simu, mbele za watu. Alipogeuka na gauni lake, mimi machozi yananilenga, Dada akamtazama kutoka chini hadi juu.

"Nyoosha mgongo."

"Mama! Hata leo?"

"Leo hasa."

Akanyoosha. Wakacheka wote wawili, halafu hawakucheka tena, wakashikana mikono, na mimi nikaenda kumgombeza mtu yeyote sebuleni. Tulipokuwa tunatoka Dada aliniita akaniambia, "Nenda. Wewe ndiye mimi." Jirani yake akabaki naye.

Ukumbini nilikifunika kiti cha mwisho, meza ya mbele mkono wa kushoto, kwa kile kipande cha zambarau. Mpiga video akakisogeza nyuma kidogo, akasimamisha kamera mbele yake, nami nikaipima kwa futi yangu mwenyewe. Redio akajipanga pembeni, mikono mfukoni kama tulivyokubaliana, akiwaelekeza wageni waje kumsalimia Dada. Msimamizi wa ukumbi akaja na haraka zake, akasema kile kidude kiondoke, wahudumu watapita wapi na sahani? Nikamwambia hapo amekaa mama wa bi harusi. Akatazama kiti, akatazama kamera, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila wahudumu walipita upande mwingine.

Baada ya hapo sikuona kitu. Kuwa mama wa bi harusi kumbe ni kukimbia. Vinywaji, viti, mgeni aliyepoteza ufunguo, keki iliyoegemea upande. Mara moja tu nilitupa jicho kule muziki ulipokolea. Ukumbi mzima uko juu. Redio amesimama pale pale. Mabega yanacheza, magoti yanacheza, visigino vinacheza, na mikono imo mfukoni, imekunjwa ngumi hadi suruali imetuna. Namshukuru kaka yangu kwa mengi, lakini kwa hilo namshukuru zaidi.

Wiki iliyofuata mpiga video akaileta kazi. Maharusi walikuwa safarini. Tulikuwa Dada, Redio, yeye na mimi, televisheni tumeipandisha juu ya kabati ili mtu aliyelala aione vizuri. Aliwasha ile ya kwenye kiti. Ikatokea meza, kitambaa cheupe, chupa za maji, na kwa upande mlango wa jikoni, unafunguka na kufungwa.

"Hapo hapo," Dada akasema. "Ndipo ninapokaaga."

Sauti ya Redio ikaingia: "Dada, anakuja mtoto wa jirani yako wa chini, kavaa viatu vya kaka yake, anajikwaa, yuko sawa." Akatokea mtoto, uso wake umejaa televisheni yote, akatazama moja kwa moja ndani ya kamera kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Dada akamjibu.

Alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile mtoto kasimama mlangoni. Hakuna aliyecheka. Wakaja watu wa kazini kwake, mmoja mmoja, wanainama. Wengine waliona soni kuongea na kamera, wakajichekesha, kisha ukiwatazama unaona wamesahau. "Dada, nyonga inasemaje?" "Inakwenda vizuri, asante." "Umekosa, mwenzangu, utamu wa leo!" "Sijakosa." Alimjibu kila mtu. Mmoja aliinama kabisa akanong'ona kuhusu wigi la mtu fulani, na Dada akamwambia, "Nimeliona, nimeliona." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kingo ya kitanda na kikombe mkononi, nacho nimesahau kukinywa.

Kisha akatokea mama wa bwana harusi. Huyu mama mimi nilikuwa nimeshamhukumu. Kimya chake, mdomo wake wa kubana, siku ile alivyokula kwangu kama anayekaguliwa. Nilimwona anamwondoa mtu kwenye kiti cha kando, kwa adabu lakini anamwondoa, akakaa bega kwa bega na ile kamera na sahani yake. Alikula kwanza. Halafu akasema, bila kugeuka, kama wanavyoongea kina mama waliokaa pamoja, "Nyama ngumu hii, dada yangu, ila nimewaambia tamu. Usinitaje." Akatafuna. "Mwanao nimempokea. Siyo kwa maneno ya kwenye spika, nakuambia hapa. Akikosea nitamwelekeza. Nikikosea mimi, unipigie simu unigombeze. Mdogo wako nimemwogopa tangu siku ya kwanza, ila wewe nakuona tutaelewana." Na alikaa pale mpaka sahani ikaisha.

"Ahsante, dada yangu," Dada akasema. Halafu akanigeukia. "Kwa hiyo umemtisha mwenye mtoto?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Na wakati huo huo moyo wangu ulijaa, nikamshukuru yule mama kimoyomoyo, nikamwomba na radhi.

Mwisho mwisho, ukumbi umeanza kupungua watu, sauti ya Redio ikasema, "Dada, anakuja..." ikakatika. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amekosa la kutangaza. Bi harusi alikuwa amekuja peke yake, amekusanya gauni lake mikononi. Akainama mbele ya kiti hadi uso wake ukawa sawa na kamera, karibu sana, kipodozi kimeshaanza kuondoka puani.

"Mama," akasema. "Nimependeza?"

Kisha akanyamaza. Hakuondoka. Alibaki anatazama ndani ya kamera, ametulia, anasubiri jibu, na nyuma yake tunasikia sahani zikikusanywa.

"Umependeza," Dada akamwambia. "Umependeza sana, mwanangu." Akavuta pumzi, na mazoea yakamshinda. "Nyoosha mgongo."

Pale juu ya kabati bi harusi akaangua kicheko, akavuta mabega nyuma, akasimama wima, mrefu wote, hadi kichwa kikatoka nje ya picha.

"Haya," tukasikia sauti yake. "Nimenyoosha."

Redio alikuwa analia waziwazi kwenye kona yake. Mpiga video alikuwa ameinamia begi lake, anatafuta kitu muda mrefu, wala halikuwa na kitu. Mimi nilimkamata mkono, huyu mgeni niliyeuliza video yake inaliwa, nikamwambia asante, nikarudia, asante, mwanangu, nikatoa chingamu niliyoinunua dukani kwa ajili yake, nikamtilia kiganjani. Akacheka huku anafuta macho.

Dada alikuwa bado anatazama juu ya kabati, amenyoosha kidole.

"Rudisha," akasema. "Rudisha pale anaponiuliza. Safari hii nataka nimjibu vizuri, kabla sijaanza mambo ya mgongo."